Kaka amemwambia baba aache dawa za presha, eti mawazo yanatosha. Kuna ukweli hapa?

Binti wa Mstaafu

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwa wenye uelewa, hasa wahudumu wa afya, maana nyumbani tumefika mahali hatuelewani.

Baba yangu ni mstaafu wa reli, yuko Tabora, anakaribia miaka sabini. Presha na sukari anaishi navyo kwa muda mrefu. Asubuhi anameza amlodipini ya presha, na metfomini ya sukari asubuhi na jioni. Mimi nafundisha shule ya msingi Iringa, kaka yangu ndiye anayekaa naye. Tangu mwaka jana kaka anahudhuria semina za nguvu ya mawazo. Alianza kidogo kidogo. Akaandika karatasi akaibandika mlangoni mwa chumba cha mzee, kwa kalamu nene: MIMI NI MZIMA. MWILI WANGU UNANITII. Mzee anaisoma kwa sauti kila akiamka. Hilo sikuwa na neno nalo. Tangu mama afariki mzee alikuwa mtu wa kukaa ndani na redio yake. Baada ya ile karatasi akaanza kunyoa ndevu, akarudi kijiweni kucheza bao na wenzake. Nilikwenda likizo nikamkuta anacheka.

Tatizo limeanzia kwenye mashine. Nilimnunulia mashine ya kupimia presha, ile ya kuvaa mkononi juu ya kiwiko. Kliniki wakimpima inasoma 170 na kitu kwa 95. Akirudi nyumbani, akikaa barazani akatulia, inasoma 138/84. Nikamwambia aende nayo kliniki tuhakikishe. Wakampima kwa yao na ya kwetu palepale, zote zikasoma juu. Jioni yake nyumbani ikashuka tena.

Kaka akalidaka hilo. Namnukuu kama alivyoniambia kwenye simu: "Mtu ni yuleyule, siku ni ileile, dawa ni zilezile. Kilichobadilika ni mawazo. Kama hofu inaweza kupandisha presha, imani inashindwaje kuishusha? Hizo dawa kila siku zinamkumbusha kuwa yeye ni mgonjwa." Basi mzee ameacha dawa zote, za presha na za sukari. Siku tatu za kwanza wakapima: 136, 140, 137. Kaka akanitumia picha za mashine kwenye WhatsApp, moja baada ya nyingine.

Nimekosa la kumjibu. Sitaki kumwambia mzee kwamba yale maneno ya mlangoni ni upuuzi, nimeona kwa macho yangu yalivyomwinua. Lakini usingizi sipati. Swali langu hasa ni hili: ni kweli mawazo ndiyo yanayopandisha presha kliniki? Na kama ni kweli, kwa nini mawazo hayohayo yasiishushe mpaka mtu aachane na dawa? Naomba hoja ambayo nikimpelekea kaka hatasema "hao wanatetea dawa zao".

Nesi wa Kliniki

Pole sana dada. Mimi ni nesi kliniki ya presha na sukari, hospitali ya wilaya, na hili nakutana nalo kila siku ya kliniki.

Kaka yako nusu ya hoja yake ni sahihi, mpe haki yake. Presha kupanda mbele ya mhudumu kunajulikana kabisa, sisi tunaiita presha ya koti jeupe. Fikiria siku ya mzee ya kliniki: kaamka alfajiri, kapanda bodaboda, kakaa kwenye benchi mpaka jua limekuwa kali, aliyemtangulia katoka chumbani analia. Ubongo unasoma hatari. Neva zinachukua ujumbe, tezi zilizokaa juu ya figo zinamwaga adrenalini, moyo unaongeza kasi, mishipa midogo inajibana. Hiyo presha ni ya kweli, mashine haidanganyi. Ndiyo maana namba za nyumbani tunazitaka sana, na kliniki inayojua kazi yake haikuongezei dozi kwa kipimo kimoja cha siku ya wasiwasi.

Sasa zisome namba zako vizuri. 138/84 ilipatikana barazani, mzee katulia, NA dawa ziko mwilini. Kipimo cha kliniki tunasema presha iko juu kuanzia 140/90. Cha nyumbani mstari unashuka hadi 135/85, kwa sababu nyumbani hofu tumeshaitoa kwenye hesabu. Kwa hiyo ukimtolea mzee hofu yote, na dawa ukamwachia, bado kaugusa mstari. Kilichobaki pale si wasiwasi. Ni mishipa iliyokakamaa kwa umri na kwa sukari, na figo zinazong'ang'ania chumvi. Hilo ndilo jibu la swali lako. Hofu ni mawimbi juu ya ziwa: upepo ukitulia mawimbi yanalala, lakini kina cha maji kiko palepale. Utulivu unaondoa kile ambacho hofu ilikiongeza. Hauwezi kwenda chini ya hapo ukalainisha mshipa uliokakamaa.

Zile picha za siku tatu nazo zina maelezo yake. Amlodipini inatoka mwilini taratibu mno. Kiasi kilichomo kwenye damu kinachukua saa 30 hadi 50 kupungua nusu. Aliyeimeza kwa miaka akiacha leo, kesho na keshokutwa bado anatibiwa na ile aliyoimeza jana. Kaka amepiga picha za dawa ikifanya kazi, akaandika jina la mawazo juu yake. Presha itarudi polepole, na haitoi taarifa. Wengi hawaumwi kichwa, hawaoni kizunguzungu, mpaka siku ya kiharusi.

Kwa hiyo usisubiri namba zipande ndipo mumwamini nesi. Leo hii arudi kwenye dozi yake ya kawaida, asirundike za siku alizoruka ili kufidia, na wiki hii aende kliniki. Mdomo ukipinda upande, mkono ukilegea ghafla, au maneno yakianza kukwama, msipoteze muda kutafuta mashine, ni hospitali moja kwa moja.

Halafu dada, umeandika presha, presha, presha. Sukari je? Nani anampima? Mimi hiyo ndiyo iliyonishtua zaidi.

Mto wa Mbu Junction

Niongezee hapo kwa nilichokiona mwenyewe. Mwaka 2011 nilimpeleka shangazi yangu Samunge, Loliondo, kwa Babu, Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile wa KKKT. Wenye umri wangu mnaikumbuka ile miezi. Tulipita Engaruka, tukaja Ngaresero chini ya Ol Doinyo Lengai, vumbi mpaka kwenye kope. Foleni ya magari ilikwenda isionekane mwisho. Kulikuwa na wagonjwa waliotolewa wodini na ndugu zao, wengine wamelazwa nyuma ya pikapu juu ya godoro. Kikombe kimoja shilingi 500, maji ya mizizi ya mugariga, na ilitakiwa ukipokee kutoka kwa Babu mwenyewe.

Shangazi alikuwa na magoti mabaya na sukari ya kuchoma sindano. Nitasema kilichotokea bila kuongeza. Tuliporudi alishuka garini bila kushikwa. Asubuhi yake akaingia jikoni akasonga ugali akiwa amesimama, mwiko kaukamata kwa mikono miwili, jambo ambalo nyumba nzima ilikuwa imeshalisahau. Watoto walisimama mlangoni wanamtazama. Maumivu yalikaa mbali kwa wiki kadhaa.

Binti yake alikuwa amekataa katakata kumwachisha sindano. Akampima sukari kwa kutoboa kidole, namba ileile ya kabla ya safari. Mtu mmoja, kikombe kimoja, magoti yakaitika na sukari haikuitika. Nimelifikiria sana jambo hilo tangu siku hiyo.

Simdharau Babu, amefariki 2021 na wengi walimpenda kwa unyenyekevu wake. Ila wakati ule madaktari walilalamika hadharani kwamba wapo waliokuwa kwenye ARV wanaacha dawa baada ya kikombe, kwa sababu walijisikia wepesi. Dada, hapo ndipo mzee wako aliposimama sasa hivi. Anajisikia vizuri, na ni kweli anajisikia vizuri. Lakini presha na sukari ni magonjwa ambayo kujisikia hakukwambii lolote.

Omwana wa Kagera

Mimi niongeze upande mwingine, kwamba akili inaweza kuumiza mwili pasipo kidudu chochote. Kwetu Kagera wazee bado wanasimulia kicheko cha Kashasha. Tarehe 30 Januari 1962, shule ya bweni ya wasichana ya misheni pale Kashasha, wasichana watatu walianza kucheka wakashindwa kuacha. Ikaenea. Kati ya wanafunzi 159 waliopatwa ni 95. Shule ikafungwa Machi 18, wasichana wakarudi kwao, na baadhi yao wakaipeleka Nshamba huko Muleba, ikaanza upya na watu wazima wakapatwa.

Watu wakisikia kicheko wanadhani ilikuwa furaha. Haikuwa furaha. Walikuwa wanacheka na kulia kwa zamu, wanahangaika, wengine wanahisi kuna mtu anawafuata, kwa saa kadhaa na wengine kwa siku nyingi. Madaktari wawili, Rankin na Philip, walifika wakapima damu, wakatafuta sumu kwenye chakula, wakatafuta virusi. Hawakupata kitu, na hakuna aliyekufa. Maandishi yao yalitoka 1963.

Nchi ilikuwa imepata uhuru mwezi uliotangulia, shule zina masharti magumu, watoto wako mbali na mama zao. Mimi nasadiki waliyokuwa nayo moyoni yalitafuta mlango wa kutokea. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema "hilo ni la akilini tu" naumia, maana wale mabinti walichoka, walidhoofika, hawakuwa wanaigiza. Mzee wako kuamka kwa sababu ya karatasi ni jambo la uzito uleule. Msilibeze.

Fundi Kisauni

Nawasalimu kutoka Mombasa. Nimesoma yote na ninakubali kuhusu dawa, baba arudishiwe vidonge vyake. Lakini kuna kitu mnakipunguza, mnaongea kana kwamba kujisikia ni kitu kidogo.

Mimi ni fundi wa ujenzi. Mgongo ulinishika nikiinua mfuko wa simiti, nikapelekwa kupigwa MRI. Aliyenisomea picha akaniambia diski, ule mto laini wa katikati ya pingili, imetokeza, mgongo wangu umechakaa kama wa mzee, nisiiname tena wala kubeba. Maneno hayo yaliniingia kuliko ule mfuko. Nikaanza kutembea nimejikaza kama mbao, kiatu navalishwa na mke wangu, mtoto akinirukia napiga ukelele kabla hajanigusa. Nikikaribia kuinama tu, maumivu yashafika. Kazi ikaenda.

Kilichonitoa ni mwalimu wa mazoezi ya viungo. Alinionyesha ripoti iliyotoka 2015, iliyokusanya picha za migongo ya watu zaidi ya elfu tatu ambao HAWANA maumivu yoyote. Walio na miaka ishirini, asilimia 30 wana diski iliyotokeza. Wa miaka themanini, asilimia 84. Watu wazima wa afya, wanalima, wanacheza, na picha zao ukizitazama ni kama yangu. Akanipa ndoo tupu, niiname niiokote, nipumue, nirudie. Halafu ndoo yenye maji kidogo. Hakunigusa mgongo hata siku moja. Leo nabeba simiti. Diski najua bado iko vilevile, sijaenda kupiga picha nyingine na sina haja.

Kwa hiyo dada, mwambie kakako kwamba kuna maumivu ambayo wazo linayaleta na wazo linayaondoa, hilo mimi shahidi. Lakini mwalimu wangu kabla ya yote aliniuliza kama miguu inakufa ganzi, kama mkojo unanitoka bila kujua, kama nimekonda. Alihakikisha kwanza hakuna kibaya kinachojificha. Angepata kimoja angenirudisha kwa daktari siku hiyohiyo. Huyo aliyempa baba yako karatasi alipima nini kwanza?

Binti wa Mstaafu

Ahsanteni sana, mno. Nimewasomea wote mama mdogo kwenye simu, naye yuko Tabora, akaenda kwa mzee usiku huohuo.

Nesi, umesema kweli, sukari hakuna aliyekuwa anapima. Mama mdogo alimpeleka duka la dawa asubuhi kabla hajala, ikasoma 13.6. Mara ya mwisho kliniki ilikuwa 7.2. Mzee mwenyewe alinyamaza akaiangalia ile namba, akauliza, "Mbona sisikii chochote?" Akameza dawa zake palepale dukani.

Kaka tumeongea. Hakukasirika kama nilivyoogopa. Ile habari ya amlodipini kukaa mwilini hakuwa anaijua, akaniomba nimtumie aisome tena. Lakini amebaki na swali na mimi nimeshindwa kulijibu. Anasema: kama magoti ya yule shangazi yaliitika bila dawa, basi kuna kitu mwilini kilitengenezwa na imani, hakiwezi kuwa hewa. Na kama imani inaweza kutengeneza kitu, kwa nini isitengeneze cha sukari pia?

Mzee anauliza kama karatasi aibandue.

Nesi wa Kliniki

Asiibandue! Mwambie nimesema mimi.

Kaka yako anauliza vizuri, na jibu lipo. Mwaka 1978 watafiti watatu wa San Francisco, Levine, Gordon na Fields, walichukua wagonjwa waliotoka kung'olewa magego. Waliwapa dawa isiyo na kitu ndani, na baadhi yao maumivu yakapungua kweli. Halafu wakawapa naloksoni, ile dawa inayozuia kazi ya mofini, dawa kali ya maumivu. Maumivu yakarudi kwa waliokuwa wamepata nafuu. Maana yake ubongo wao ulikuwa umetengeneza dawa yake wenyewe ya kutuliza maumivu, ya ukoo mmoja na mofini. Basi kaka hajakosea, haikuwa hewa. Shangazi alisonga ugali kwa dawa iliyotoka kichwani mwake.

Lakini ubongo unatoa kilichomo ghalani. Dawa ya maumivu unayo, na njia za kuipeleka unazo. Kwa sukari ya mtu mzima, mwili umeacha kuiitikia insulini, homoni inayoshusha sukari, na kongosho linaloitengeneza limechoka, na hakuna ghala la kichwani la kuziba pengo hilo. Mawazo yanaigusa sukari, ndiyo, ila kwa kiasi: mtu akiwa na msongo, homoni za msongo, adrenalini na kotisoli, zinalisukuma ini limwage sukari kwenye damu. Ukimtuliza unapunguza hicho kilichoongezwa. Kuna wagonjwa wangu waliofiwa na sukari ikapanda bila kubadili chakula. Kwa hiyo mzee kurudi kijiweni, kucheka, kulala usingizi, mimi nahesabu kama sehemu ya matibabu. Na kuna faida nyingine ambayo sisi wa kliniki tunaijua sana: mjane aliyekata tamaa haji kliniki na anasahau vidonge. Aliyeamka akajiita mzima, anakuja. Karatasi ikae mlangoni, na vidonge vikae kwenye kiti chini ya karatasi. Asome, ameze.

Kaka naye mpe kazi, maana anaonekana ana bidii. Amfundishe mzee kupumua polepole, pumzi sita kwa dakika, dakika kumi jioni. Inashusha presha kidogo, kidogo tu, lakini inashusha. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, ukihesabu na iliyomo kwenye dagaa. Baada ya miezi mitatu wapime HbA1c, ile inayosoma wastani wa sukari wa muda wote huo, siyo ya asubuhi moja. Zikija namba nzuri, daktari ndiye atakayepunguza dozi, na huwa inatokea. Nimeshaona watu wakipunguziwa.

Binti wa Mstaafu

Nimemtumia kaka neno kwa neno. Amesema kupumua anakuweza, walifundishwa semina. Sasa hivi anachora jedwali kwenye daftari la mzee. Anauliza wapime mkono gani, na mara ngapi kwa siku?

Nesi wa Kliniki

Siku ya kwanza mikono yote miwili. Uliosoma juu zaidi ndio wautumie siku zote. Akojoe kwanza, asiwe ametoka kunywa kahawa au kuvuta sigara ndani ya nusu saa, akae kwenye kiti chenye egemeo dakika tano, miguu chini asiikunje nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na asiongee. Kaka naye asiongee. Wapime mara mbili, wapumzike dakika moja katikati, asubuhi kabla ya dawa na jioni, kwa siku saba. Za siku ya kwanza wasizihesabu, zilizobaki watafute wastani. Na uangalie kile kitambaa cha mashine kama kinamtosha, mkono ukiwa mnene na kitambaa kidogo namba inapanda bure. Daftari waje nalo kliniki, na mashine pia.